VX ya petroli ya 1994 (1FZ-FE) inatoa moshi mweusi, sensa zote zinasoma vizuri. Mafuta yanazidi wapi?

Mwendo_Pole

Wakuu, habari za kazi. Gari ni Land Cruiser 80 VX ya 1994, injini 1FZ-FE, gia za mkono. Ina mita ya hewa ya ule mlango unaosukumwa na hewa, ina sensa ya oksijeni, masega (kichujio cha moshi kwenye ekzosi) bado yapo na ina mkonga (bomba la kuvuta hewa juu). Iko Arusha, inashuka Moshi na kupanda Karatu.

Dalili zake ni hizi. Asubuhi inawaka kwa stata moja. Ikiwa na moto, ukiizima kwa nusu saa kisha uiwashe, inazungusha sana, lazima ukanyage mafuta kidogo, na ikishika inatema moshi mweusi kama lori. Kwenye sailensi (injini ikiunguruma bila kukanyaga mafuta) inatetemeka na harufu ya petroli inachoma macho. Njia kuu inatembea vizuri, nguvu zipo. Plagi zote sita zina masizi makavu meusi. Ulaji umeshuka hadi kilomita 3 kwa lita, wakati injini hii kwa mwendo wa kawaida inatakiwa kutoa 5 hadi 6.

Vilivyopimwa:

- Kodi za hitilafu: nimeunganisha kwa waya matundu ya uchunguzi TE1 na E1, taa ya injini inapepesa sawasawa. Hakuna kodi.
- Sensa ya joto la maji ya kontrol boksi, yaani kompyuta ya injini (sensa ya waya mbili, si ile ya geji): injini ikiwa na moto omu 310.
- Mita ya hewa, kati ya pini zake: VC na E2 (umeme wa mita) omu 290, THA na E2 (sensa ya joto la hewa) omu 2,200 asubuhi. Mlango hausuguani na ukuta.
- Filta ya hewa mpya, plagi mpya zenye uwazi wa milimita 0.8, taimingi nyuzi 3 huku TE1 na E1 zikiwa zimeunganishwa.

Sitaki kuanza kununua vipuri kwa kubahatisha. Nianzie wapi?

---

Kipima_Mshale

Mkuu, umeuliza vizuri na vipimo umevileta, kazi inakuwa nyepesi.

Moshi mweusi kwenye injini ya EFI (inayonyunyiziwa petroli kwa amri ya kompyuta) una familia mbili tu, na kabla ya kufungua boliti yoyote ujue uko familia ipi. Ya kwanza: kontrol boksi yenyewe ndiyo inayoagiza mafuta mengi kwa sababu kuna sensa inayoidanganya. Ya pili: kontrol boksi inaagiza kidogo kadiri inavyoweza, ila kuna mafuta yanayoingia bila idhini yake. Familia hizi hazitibiwi kwa dawa moja. Watu wengi wanabadilisha sensa ya oksijeni kwenye gari la familia ya pili, halafu wanalaumu duka la vipuri.

Toyota ya miaka hiyo inakuambia yenyewe. Kwenye kile kiboksi cheusi cha DIAGNOSIS ndani ya boneti kuna tundu limeandikwa VF1. Chukua mita ya mshale (ya tarakimu inachelewa, itakuchanganya), chanya kwenye VF1, hasi kwenye E1. Pasha injini mpaka ifikie moto wake, ishike mizunguko 2,500 kwa dakika, kwa muda wa dakika mbili, ili sensa ya oksijeni ipate moto, kisha soma mara mbili.

Kwanza TE1 na E1 zikiwa HAZIJAUNGANISHWA. Hapo VF1 inaonyesha marekebisho ambayo kontrol boksi imejifunza, na inakwenda kwa ngazi: 0, 1.25, 2.5, 3.75 na 5 volti. Katikati, 2.5, ni sawa. Ikiwa 3.75 au 5, kontrol boksi inaongeza mafuta. Ikiwa 1.25 au 0, inapunguza.

Pili, unganisha TE1 na E1, shika tena mizunguko 2,500. Sasa VF1 inafuata sensa ya oksijeni: 5 ni mchanganyiko mzito (mafuta mengi), 0 ni mwepesi (mafuta kidogo). Mshale unatakiwa kuruka mara 8 au zaidi ndani ya sekunde 10.

Tafsiri yake:

Plagi nyeusi na VF1 iko 3.75 hadi 5: sensa ya oksijeni inaona wepesi ambao haupo. Tafuta uvujaji wa ekzosi kabla ya sensa, gasketi ya manifoldi, au silinda inayomisi. Silinda isiyochoma inatoa oksijeni yake yote bila kutumika, sensa inaihesabu kama wepesi, kontrol boksi inamwaga mafuta kwa silinda zote sita. Sensa hii haioni petroli hata kidogo, inaona oksijeni tu.

Plagi nyeusi, mshale umeganda kwenye 5 ukiwa umeunganisha TE1: kontrol boksi haijaingia kwenye kazi ya kujirekebisha, mara nyingi kwa sababu inaamini injini bado ni baridi, au uzito umepita uwezo wake wa kupunguza.

Plagi nyeusi, mshale unaruka vizuri, lakini bila waya wa TE1 na E1 VF1 iko 0 au 1.25: familia ya pili. Mafuta yanatoka mahali pengine.

Leta majibu, usiguse kitu kingine kwa sasa.

---

chuma_cha_mlima

Naongezea moja. Arusha iko mita 1,400, na ukingo wa Ngorongoro unapita mita 2,200. Hewa ya juu ni nyepesi, mafuta ni yale yale. Je, si mwinuko unaomsumbua? Kule juu magari mengi ya petroli ya zamani yananuka.

Na ile filta, hata kama ni mpya, akague mkonga na bomba lake. Vumbi la njia za hifadhi linajaza kile kikombe cha juu.

---

NozeliSita

@chuma_cha_mlima hoja ya mwinuko ni ya kweli, ila tuipigie hesabu. Mlango wa mita ya hewa unasukumwa na nguvu ya upepo, haupimi uzito wa hewa moja kwa moja. Kwenye mita 2,300 hewa ina karibu asilimia 80 ya uzito wake wa usawa wa bahari, na kosa la mita ya aina hii linafuata kipeuo cha pili cha uwiano huo, kwa hiyo mafuta yanazidi kwa takriban asilimia 12 kama hakuna kitu kinachorekebisha. Kutoka uwiano wa hewa kwa mafuta wa 14.7 unafika kama 13.1. Hapo gari linakula na plagi zinaweka giza kidogo. Moshi mweusi unaouona kwa macho mchana unahitaji kushuka karibu na 11 au chini yake. Isitoshe sensa ya oksijeni ikiwa nzima inafuta hiyo asilimia 12 bila jasho. Mwinuko unaongeza chumvi kwenye ugonjwa uliopo, hauwi ugonjwa wenyewe. Gari lake linatema moshi hata likiwa Moshi mjini, naamini.

Kuhusu filta na mkonga: hilo linarithiwa kutoka enzi za kabureta. Kwenye EFI yenye mita ya hewa, filta iliyoziba inapunguza hewa, mlango unafunguka kidogo, na mafuta yanapungua pamoja nayo. Unapoteza nguvu kwenye mlima, lakini mchanganyiko haubadiliki kiasi cha kutoa moshi. Safisha mkonga kwa sababu nyingine, si kwa hii.

@Mwendo_Pole swali moja la haraka: kile kifuniko cheusi cha plastiki juu ya mita ya hewa kimewahi kufunguliwa? Angalia gundi yake pembeni. Ndani kuna gurudumu la meno linaloshika springi ya mlango. Fundi mwenye mikono miepesi akililegeza meno machache, mlango unafunguka zaidi kwa hewa ile ile, kontrol boksi inaona hewa nyingi kuliko iliyopo, na mafuta yanazidi kuanzia sailensi hadi resi ya mwisho. Na tafadhali usilikaze wewe kama "tiba". Ukiligusa bila alama ya lilikokuwa, huna njia ya kurudi. Weka rangi kwenye jino kabla hata ya kupumua karibu nalo.

---

Mwendo_Pole

Kifuniko cha mita ya hewa hakijaguswa, gundi ya kiwandani ipo mzunguko mzima. Na ndiyo, inatema moshi popote, hata Moshi.

Majibu ya VF1, injini ikiwa na moto:

Bila waya: sailensi volti 0. Nikishika mizunguko 2,500 kwa muda inapanda hadi 1.25, nikiachia inarudi 0.

TE1 na E1 zikiwa zimeunganishwa, mizunguko 2,500: mshale unaruka, kati ya mara 8 na 9 kwa sekunde 10.

VS ya mita ya hewa (pini ya ishara ya mlango) nayo nimeipima swichi ikiwa imewashwa bila kupiga stata: mlango umefungwa volti 4.0, nikiusukuma taratibu inashuka laini bila kuruka hadi 0.4 mwisho.

---

Kipima_Mshale

Safi. Uko familia ya pili, na umetupa zaidi ya hapo.

Tazama kwamba tatizo ni kubwa sailensi na dogo kwenye resi. Presha ya mafuta ikizidi, kila nozeli (kinyunyizio cha petroli) inazidisha kwa uwiano ule ule kuanzia chini hadi juu. Springi ya mita ya hewa ikilegea, vivyo hivyo. Lakini mafuta yanayovuja yana kiasi chake kimoja kwa dakika, hayajali unakanyaga au hukanyagi. Sailensi injini inahitaji mafuta kidogo sana, kwa hiyo uvujaji mdogo ni sehemu kubwa ya chakula chake. Ukiwa njia kuu uvujaji ule ule unamezwa. Ndiyo maana njia kuu inatembea vizuri.

Na hiyo shida ya kuwasha ikiwa na moto baada ya nusu saa inaunga mkono: mafuta yanadondoka ndani ya manifoldi injini ikiwa imezima, ukija kuwasha silinda zimelowa. Kukanyaga pedali kunaingiza hewa ya kuzikausha.

Washukiwa, kwa mpangilio wa urahisi wa kuwapima:

1. Mpira wa vakyumu (mvuto wa hewa wa manifoldi) wa regyuleta ya presha ya mafuta. Uchomoe injini ikiunguruma. Ukiona petroli au hata unyevu wenye harufu ndani yake, ngozi ya regyuleta imetoboka na manifoldi inanyonya petroli mbichi. Mchezo umekwisha, badilisha regyuleta. Ukiwa mkavu, endelea.

2. Kopo la mkaa la mvuke wa tenki. Bana mpira unaotoka kwenye kopo kwenda kwenye injini, tazama VF1 kwa dakika mbili tatu. Mtu akizoea kujaza tenki mpaka shingoni, kopo linalowa petroli na linalisha injini wakati wote.

3. Oili. Chomoa kijiti, nusa. Ikiwa juu ya alama na inanuka petroli, basi una chanzo cha pili juu ya kile cha kwanza: petroli iliyoko kwenye oili inavukizwa na joto, valvu ya PCV inaipeleka manifoldi, injini inakula mvuke huo. Pima hivi: chomoa mpira wa PCV upande wa manifoldi, ziba tundu la manifoldi kwa kizibo, na ule mpira mwingine wa kupumulia unaotoka kwenye kifuniko cha valvu kwenda kwenye bomba la hewa uzibe pande zote mbili. VF1 ikipanda ngazi moja, oili imeshiriki. Jaribio hili lisizidi dakika chache, na usiliendeshe gari hivyo.

4. Nozeli zinazodondosha, na kama toleo lako lina ile nozeli ya ziada ya kuwashia injini baridi, hiyo hasa. Inakaa peke yake kwenye manifoldi, ikivuja inalisha silinda zote, na masizi yanakuwa sawa kwa zote sita. Watu wanaisahau.

Kwa namba 4 unahitaji geji ya presha. Toa presha kwanza: legeza boliti ya bomba la mafuta taratibu huku umeifunika kwa kitambaa, injini ikiwa baridi, betri imechomolewa hasi, na mtu wa pili ameshika kizima moto. Boliti hizo zinafungwa na washa mpya za shaba, za zamani zitavuja tu. Funga geji, rudisha betri, unganisha matundu +B na FP kwenye kiboksi cha DIAGNOSIS, washa swichi. Pampu itazunguka bila injini.

Bila vakyumu presha inatakiwa iwe baa 2.7 hadi 3.1. Injini ikiunguruma sailensi na mpira wa vakyumu umechomekwa, ishuke karibu nusu baa. Ikizidi 3.1, chomoa bomba la marejesho uliongoze kwenye chombo: presha ikishuka, bomba la kurudi tenki limeziba au limekunjwa, isiposhuka, regyuleta imekwama.

Kisha zima na uhesabu dakika tano. Isishuke chini ya baa 1.5.

---

Hardtop_Kabureta

Samahani kuingilia uzi. Nina Land Cruiser FJ75 yenye injini 3F ya kabureta, dalili zinafanana: masizi, harufu, ulaji mbaya, na baada ya kuzima ikiwa na moto inagoma kuwaka mpaka nikanyage pedali hadi chini. Haya mambo ya VF hayanihusu. Wapi pa kuanzia? Choki inafunguka vizuri mpaka mwisho, nimehakikisha kwa macho.

---

NozeliSita

@Hardtop_Kabureta kwako falsafa ni ile ile, mafuta yanayopimwa dhidi ya mafuta yanayopenya, ila vyombo ni macho na bisibisi.

Toa kifuniko cha filta, injini ikiwa sailensi na moto, chungulia kooni kwa tochi. Kwenye sailensi mirija mikubwa ya katikati haitakiwi kutoa hata tone. Ikidondosha, kiwango cha mafuta bakulini kiko juu. Angalia kile kidirisha cha kioo mbele ya kabureta: mafuta yawe usawa wa alama ya katikati, gari likiwa tambarare. Yakiwa juu, sababu ni tatu: valvu ya sindano imechakaa au ina takataka, boya limetoboka (litoe, litikise, ukisikia maji maji ndani ndilo hilo), au pampu ya mafuta si ya gari hilo na inasukuma kwa nguvu kuliko sindano inavyoweza kuzuia. Pampu za umeme za EFI zinazofungwa kwenye kabureta ndizo adui mkubwa hapa. Kabureta hii inataka theluthi moja ya baa au chini yake, pampu ya EFI inatoa baa tatu.

Kiwango kikiwa sawa na bado ni nzito, nenda kwenye pistoni ya nguvu. Hiyo inashikwa juu na vakyumu injini ikiwa imetulia, na vakyumu ikipotea springi inaisukuma chini kufungua njia ya mafuta ya ziada kwa ajili ya mlima. Ikikwama chini kwa kutu au masizi, au njia yake ya vakyumu ikiziba, unapanda mlima siku nzima hata ukiwa umepaki. Safisha tundu lake, ijaribu kwa kidole, irudi yenyewe kwa wepesi.

Jeti zilizochokonolewa kwa waya wa chuma nazo zitupe, hazirudi kwenye kipimo chake. Skurubu ya mchanganyiko uirekebishe mwisho kabisa: tafuta mahali mizunguko inapokuwa juu zaidi, iweke kwa skurubu ya sailensi karibu 690, halafu ingiza ile ya mchanganyiko mpaka ishuke hadi 650. Ukiona kuigeuza hakubadilishi chochote, ujue mafuta yanaingia kwa njia nyingine na umerudi kwenye boya.

Na wewe ndiye hasa unayehusika na hoja ya mwinuko ya @chuma_cha_mlima. Kabureta iliyowekwa Dar ikiletwa Karatu itakuwa nzito, haina sensa ya kuisahihisha.

---

Mwendo_Pole

Majibu, wakuu.

Mpira wa vakyumu wa regyuleta: mkavu kabisa.

Kubana mpira wa kopo la mkaa: VF1 haikubadilika.

Oili: iko juu ya alama, inanuka petroli wazi wazi. Nilipoziba PCV, VF1 sailensi ilitoka 0 ikapanda 1.25 ndani ya dakika mbili.

Presha: bila vakyumu 2.9, sailensi na vakyumu 2.4. Baada ya kuzima, dakika tano imeshuka hadi 0.6.

---

chuma_cha_mlima

0.6 hiyo inaweza kuwa valvu ya kuzuia kurudi iliyoko ndani ya pampu. Ikichoka, mafuta yanarudi tenki na gari linazungusha stata muda mrefu. Asinunue nozeli bado.

---

Kipima_Mshale

@chuma_cha_mlima ni kweli, presha ikishuka kuna milango mitatu ya kutokea: kurudi nyuma kupitia pampu, kupita regyuleta kwenda kwenye marejesho, au kudondokea ndani kupitia nozeli. Wa kwanza na wa pili hauleti uzito wa mchanganyiko, unaleta usumbufu wa kuwasha tu. Wa tatu ndio unaojaza oili petroli. Kuitenganisha ni rahisi.

Endesha pampu kwa +B na FP mpaka presha itulie. Zima swichi, na papo hapo bana mpira laini wa marejesho kwa kibanio chenye midomo bapa kilichovikwa kipande cha mpira. Presha ikikaa, ni regyuleta. Ikishuka, rudia huku umebana mpira wa kuleta mafuta. Ikikaa, ni valvu ya pampu. Umebana yote mawili na bado inashuka, mafuta yanaingia kwenye injini. Mpira uliokauka na kupasuka pasuka usiubane, ubadilishe kwanza.

Kama ni nozeli, utajuaje ni ipi bila kufungua manifoldi? Pandisha presha tena kwa pampu, acha nusu saa bila kuwasha injini, toa plagi zote sita. Silinda ambayo valvu yake ya kuingiza iko wazi itaonyesha plagi iliyolowa. Nyingine petroli inabaki kwenye tundu la manifoldi, kwa hiyo zungusha injini kwa mkono robo mzunguko na uangalie tena. Si jaribio kamili, ila linakupa jina. Nje ya hapo, ni kutoa reli (bomba linalolisha nozeli zote).

Kosa moja ambalo lingekupoteza kabisa: usibadilishe nozeli halafu ukaacha oili ile ile. VF1 itabaki chini, utaamini nozeli mpya nazo mbovu. Na usifanye kinyume chake, yaani kumwaga oili nzuri juu ya nozeli inayovuja. Oili yenye petroli inapoteza unene wake, na bearing za kreki hazitakusubiri umalize uchunguzi. Kwa sasa gari lisisafiri.

---

Mwendo_Pole

Nimebana yote mawili, imeshuka vile vile. Plagi ya silinda ya 2 imelowa, ya 5 ina unyevu. Toleo langu halina nozeli ya kuwashia baridi, nimefuata reli yote. Inabidi nifungue. Kuna la kujihadhari kwenye kutoa reli ya 1FZ?

---

NozeliSita

Lipo, na zaidi ya moja.

Itabidi utoe chemba ya juu ya manifoldi ya hewa ili reli ionekane. Nunua kabla: gasketi ya chemba, oringi sita za juu za nozeli, mipira sita ya chini inayokaa kwenye manifoldi, washa za shaba za boliti za mafuta, na mipira ya vakyumu ya kukata kwa mita. Iliyoko pale imeungua tangu 1994, itavunjika ukiigusa tu. Weka alama ya kila mpira kwa utepe kabla ya kuuchomoa.

Ukiwa umefika hapo, geuza macho nyuma ya injini chini ya manifoldi: kuna mpira mfupi wa maji ya hita. Ndio unaojulikana kwa kupasuka njiani na kumwaga maji yote bila dereva kujua, na kuufikia chemba ikiwa imefungwa ni adhabu. Ubadilishe sasa hivi.

Kabla ya kuzichomoa nozeli, toa reli pamoja na nozeli zake zikiwa bado zimeunganishwa na mabomba, zifunge kwa waya wa chuma ili presha isizirushe, weka kikombe cha kioo chini ya kila moja, endesha pampu. Kiwango cha Toyota ni tone moja au chini yake kwa dakika. Hapo utaona kwa macho, hakuna ubishi tena. Betri iwe mbali na kazi hii na kusiwe na taa ya waya karibu, tumia tochi.

Omu za koili ya kila nozeli ziwe karibu 13.8, ila omu nzuri haimaanishi nozeli haivuji. Uvujaji ni wa kitako cha sindano, si wa umeme. Mara nyingi ni kutu na vumbi laini kutoka kwenye mafuta ya madumu lililopita filta iliyozeeka. Usafishaji wa mashine ya mawimbi unaweza kukirudisha kitako, jaribu kwanza, kwa zote sita, halafu zipimwe mtiririko: tofauti kati ya nozeli na nozeli isizidi sentimita za ujazo 5 katika sekunde 15. Ile ambayo bado inadondosha baada ya kusafishwa haina dawa. Ukinunua, nunua kwa namba iliyochapwa kwenye mwili wa nozeli yenyewe. Zipo zinazofanana kwa umbo na soketi lakini zinatoa mafuta tofauti, utarudi hapa na moshi ule ule. Filta ya mafuta nayo mpya, la sivyo takataka zilizobaki zinaelekea kitako kile kile.

Kufunga: lowesha oringi kwa petroli kidogo, sukuma nozeli huku unaizungusha kulia na kushoto. Ikishakaa kwenye reli na manifoldi lazima izunguke kwa vidole. Isipozunguka, oringi imekunjika, toa uweke nyingine. Kaza boliti za reli kidogo kidogo kwa zamu. Endesha pampu kwa +B na FP dakika kadhaa na ukague kila kiungo kabla ya kurudisha chemba.

Kisha oili na filta yake, karibu lita 7.4. Plagi zilizo na masizi usizitupe, zitasafishika. Chomoa fyuzi ya EFI zaidi ya sekunde 10 ili kontrol boksi isahau marekebisho yake ya zamani, la sivyo itaanza kazi ikiwa imebana mafuta na utadhani umeharibu. Endesha mpaka injini ipate moto kamili, sailensi iwe kati ya 600 na 700, soma VF1 tena bila waya. Ikikaa 2.5 sailensi na kwenye 2,500, rudisha boneti. Ikikaa 1.25 sailensi tu, endesha kwa wiki, mwaga oili mara ya pili, maana ya kwanza ilisuuza petroli iliyokuwa imebaki ndani, halafu upime upya kabla hujashuku kitu kingine.